Mpini wa Twiga Wadogo

Twiga wa mti aliye mfupi kuliko kidole gumba ni balaa kumpaka rangi. Ukimshika miguu, miguu haipati rangi; ukimshika shingo, inavunjika; na ukingoja upande mmoja ukauke, bwana Abdulhalim anapita nyuma yako akikohoa, na kikohozi kile kila mtu katika karakana yake ya Malindi alikijua maana yake. Lewa alikuwa na mkono mwepesi wa kutia madoa, lakini kila twiga wake alitoka na alama ya kidole ubavuni.

Dawa yake ni mpini: kipande cha mti cha kujaa kiganjani, juu yake nta ya mshumaa, na mnyama anasimamishwa kwenye nta kwa kwato zake. Unageuza mpini, mnyama humgusi. Wenzake walitumia vifuu vya nazi na magunzi ya mahindi, na vyote viliteleza kwa jasho.

Basi Jumapili moja Lewa alikwenda kwao Adu, akapita kwenye mji wa zamani, pale ukoo wake ulipoishi kabla ya kuhamia karibu na barabara. Majanini akakuta kigingi kimeanguka. Kilikuwa cha mti mgumu, chini kimeliwa na mchwa, juu kina kichwa cha mviringo na shingo. Alipokiokota, shingo ile ilikaa baina ya vidole vyake vizuri mno.

Kigingi cha mbuzi, akajiambia.

Mwongo mkubwa! Mbuzi gani wa Adu aliyewahi kufungwa kwenye kigingi kilichovishwa kitambaa shingoni? Kitambaa chenyewe kilikuwa kimebaki nyuzi tu, na Lewa alizing'oa kwa ukucha bila kuzitazama sana. Mgiriama yeyote, hata aliyebatizwa, hata anayeimba kwaya kama yeye, anaijua koma akiiona. Ni kijiti cha marehemu, kinachosimamishwa ili mzee apate mahali pa kukaa kati ya watu wake, amwagiwe tembo la mnazi na kupewa habari za nyumbani. Na koma ya mahali pale ilikuwa moja tu, ya babu yake Mwambire. Lakini Lewa alikuwa amezoea kusema mbele za watu kwamba hayo ni mambo ya giza, na maneno ukishayasema mara nyingi unaona haya kuyameza.

Alikata chini palipooza. Kisha akakata kichwa, kwa kuwa nta inataka mahali bapa, na kile kichwa kikaenda na takataka za mbao kwenye moto wa chai.

Mpini ulitoka mzuri kupita kiasi. Twiga wakaanza kushuka mezani safi, bila doa la kidole.

“Mashaallah!” akasema Abdulhalim. “Kitu hiki kakufunza nani?”

“Nimejitungia mwenyewe, bwana.”

“Hebu tazameni akili ya mwenzenu!” Mpini ukapita mkono kwa mkono karakana nzima. Lewa akacheka pamoja nao, huku roho inamwambia awapokonye.

Hazikupita siku nyingi, shangazi yake Kabibi, binti wa huyo Mwambire, akaja kusimama mlangoni mwa karakana. Lewa alitoka kumwamkia akiwa bado na mpini mkononi, na twiga juu yake amepakwa upande mmoja.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Koma ya baba imeng'olewa.”

Ulikuwa mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya njano, na vijana wengine walikuwa wanachimbua vijiti vya wazee wao na kuwauzia wazungu. Kabibi alisema watu wamemshuku Randu, mtoto wa nduguye. Randu alikuwa kibarua wa kubeba samaki Ngomeni, na alionekana na suruali mpya. Amekana, lakini nani atamwamini? Ameitwa kulishwa papai la kiapo. Mganga analisomea, asiye na kosa analimeza salama, mwenye kosa anavimba kinywa.

“Uje,” akasema. “Baba zenu ni tumbo moja.” Kisha macho yake yakaangukia mkononi mwa Lewa. “Kazi nzuri hiyo. Mungu akubariki mikono.”

Hapo ndipo pa kusema. Lewa aliona aibu inampanda mpaka masikioni, akafungua mdomo, na kilichotoka ni, “Nitakuja, shangazi.”

Njia nzima ya kwenda Adu alijipa moyo: Randu hana kosa, papai halitamdhuru, basi hakuna haja ya kusema. Hesabu ya mwoga hiyo, na aliijua kuwa ya mwoga.

Alimkuta Randu ameketi mchangani peke yake, kifua wazi, na watoto wamekatazwa kumwamkia. Lewa aliletewa kiti. Wakampangusia vumbi, wakamkalisha kati ya wazee, kijana wa heshima mwenye kazi yake mjini. Kiti kile kikamshinda. Aliinuka, akautoa mpini mfukoni.

“Randu hana kosa. Ni mimi. Huyu hapa.”

Kabibi akaupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza, akagusa nta na matone ya rangi ya njano.

“Kichwa chake kiko wapi?”

“Kiliungua, shangazi.”

“Na ulitaka kumuuza?”

“La. Nilimshikia twiga.”

“Ungemuuza,” akasema Kabibi polepole, “ningesema njaa imekutuma. Njaa naijua.” Akavua leso begani, akaufunika mpini kama afunikwavyo mtoto. Hakuna aliyemkaripia Lewa, naye angeshukuru mtu angemkaripia.

Mganga alianza kukusanya vitu vyake. Randu akanyoosha mkono.

“Lete hilo papai.”

“Huna haja nalo tena, mwanangu,” akasema mganga. “Mwenyewe amesema.”

“Yeye kasema mara moja mkaamini. Mimi nimesema mpaka sauti ikanikauka. Lete nile.”

Akalila lote, kipande baada ya kipande, mbele ya watu walewale, akimtazama Lewa kila anapomeza.