Dawa ya Kahawa Kinywani mwa Watiri

Kama kuna kitu Theuri alichokiamini hapa duniani baada ya Mungu, ni ile dawa ya buluu ya kunyunyizia kahawa. Usimcheke. Mwaka wa sitini na nane, ugonjwa ulipoingia Mukurweini na kuyafanya matunda ya jirani zake kuwa meusi yakiwa bado mitini, yeye alizunguka shamba lake na pampu mgongoni mpaka mikono ikageuka rangi, na kahawa yake ikapona. Tangu hapo ungemkuta kiwandani Gakindu, kwenye foleni ya kupima matunda, akiwafundisha watu wazima kuchanganya dawa kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua.

Miaka mitatu baadaye mkewe, Watiri, aliumwa na jino. Lilimzidi akiwa sokoni Karatina na ndizi zake, naye akaona heri alimalize huko huko. Alienda kwa Kahiga, fundi mmoja aliyeng'oa meno kwa koleo nyuma ya wauza nduma. Kahiga alivuta, jino likakatika, mzizi ukabaki ndani. Akamwambia mama wa watu ati asijali, ufizi utausukuma wenyewe. Siku ya nne shavu lilikuwa limefura na shimo la jino linatoa usaha.

Theuri alimpeleka mkewe penye mwanga akamchungulia kinywani, jinsi anavyochungulia tawi la kahawa.

"Hii ni kuoza tu," akasema. "Na dawa ya kuoza niko nayo."

"Baba Wachuka, hiyo si ya miti?"

"Kuoza ni kuoza, Mama Wachuka. Fungua mdomo."

Alichovya pamba kwenye dawa, akaisokomeza shimoni kwa kijiti. Watiri alitokwa na machozi, akatema mate ya buluu. Lakini kesho yake maumivu yalitulia, na Theuri akaona amefaulu. Alirudia kila asubuhi kwa siku kumi na mbili, kwa mkono mwepesi na moyo wa upendo, hilo lazima lisemwe. Jumapili alimdokezea Hezekiah, mzee wa kanisa, kwamba madaktari wanajisumbua bure. Maskini, hakujua kwamba nyama haikuuma tena kwa sababu ilikuwa imekufa.

Uvimbe ukarudi, mgumu safari hii. Ngozi chini ya taya ikatoboka tundu dogo lililovuja mchana kutwa. Halafu ikaja harufu. Watiri akaanza kula peke yake nyuma ya jiko ili asiwaharibie watoto chakula, na hapo ndipo Theuri alipoogopa, akampeleka Nyeri kwa Daktari Harshad.

Daktari Harshad alikuwa mtu mpole, Mhindi aliyejifunzia Kiswahili chake dukani kwa baba yake. Aligusa jino lililo kando ya pengo kwa ncha ya kidole, likacheza.

"Pole sana, mama. Baada ya kung'oa jino, nyumbani nyinyi natia nini ndani?"

Swali jepesi kama nini. Lakini Theuri alijiona kiwandani, foleni nzima ikipasuka kwa kicheko: Theuri amemnyunyizia mkewe dawa kama mti wa kahawa! Akatazama viatu vyake.

"Chumvi," akasema. "Chumvi na maji ya moto."

"Chumvi tu, mama?"

Watiri alimtazama mumewe kidogo.

"Chumvi tu," akasema.

"Chumvi mzuri," daktari akasema, akatibu alichoambiwa. Alitoa ule mzizi, akasafisha, akampiga Watiri sindano, akawaagiza warudi kila Jumatano. Walirudi Jumatano tano. Theuri alikuwa ameshaitupa ile pamba, akadhani ametubu vya kutosha. Kila Jumatano daktari alikuna kichwa, akanung'unika, "Hii nakataa kupona kwa nini?" Kila Jumatano ukweli ulimfika Theuri kooni, naye akaumeza. Na kila wiki ulizidi kuwa mzito, maana kusema leo ni kueleza pia kwa nini hukusema wiki iliyopita.

Juma la sita, Watiri alikuwa akinywa uji akakuta kitu kigumu ulimini. Alikitema kiganjani. Kilikuwa kipande cha mfupa, cha kijivu, chenye ukingo wa kijanikijani. Akakifunga kwenye leso.

Daktari Harshad alikigeuzageuza kile kipande dirishani. Aliwatuma hospitali kubwa wakapige picha ya taya, na waliporudi nayo akaitazama, akamwomba Watiri angoje nje, akafunga mlango.

"Mzee. Hii si chumvi."

Theuri akasema yote. Daktari hakucheka. Laiti angecheka! Alivua miwani yake, akaiweka mezani.

"Siku ya kwanza kama wewe nasema, mimi nafungua, naosha, nakata mfupa kidogo, kama hii." Akaonyesha ukucha wake. "Sasa nusu ya taya nakufa. Lazima Nairobi, wakate. Kama hapana kata, sumu naingia kwa damu, na mama nakufa."

Watiri alikuwa kwenye benchi, kitambaa kikimfunika mdomo. Theuri aliketi kando yake, akamweleza maneno ya daktari bila kuacha hata moja, hata lile la ukucha. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Hakulia.

"Lakini wewe ulijua," Theuri akasema, na aibu ikamchoma hata kabla hajamaliza. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema chumvi," akajibu polepole, kwa sababu taya lilikuwa limekaza. "Ati nikukanushe mbele ya mgeni? Wewe bwana yangu?"

Angempiga kofi lingeuma kidogo kuliko hilo. Theuri alitaka kumshika mkono, akauona mkono wake mwenyewe, akauacha magotini.

Nairobi walikata. Kwa majuma mawili Theuri hakuruhusiwa kumwona. Juma la tatu bandeji zilifunguliwa, naye akaja na uji kwenye chupa. Upande mmoja wa uso wa Watiri ulikuwa umebonyea ndani, mdomo umevutwa chini, na mate yalimtoka bila yeye kujua. Theuri alimpangusa. Alimnywesha vijiko viwili, vyote vikamwagikia shingoni.

Watiri alikisukuma kijiko, akasema neno. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu akatwe. Ilitoka sauti tu, isiyoshikika mahali.

"Sema tena, Mama Wachuka."

Akasema tena. Theuri aliinama hadi sikio likagusa mdomo wake, lakini hakuambulia kitu. Mara ya tatu Watiri alijishika shavu kwa kiganja ili alisaidie, akasema polepole, jasho likimtoka, macho yakimng'ang'ania mumewe. Hayo hayakuwa maneno ya uji, wala ya nyumbani. Kilikuwa kitu alichokihifadhi majuma yote hayo ili amwambie yeye. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja aitwaye Wamucii, aliinamisha macho.

"Ndiyo," Theuri akasema. "Ndiyo, nimesikia."

Watiri alimtazama kwa muda mrefu. Alimjua mume wake. Kisha akageukia ukuta, na hakusema tena.