Mate ya Hodu

Tangu mbwa wao Hodu akubaliwe kwenye utafiti wa chuo kikuu, Pyo In-cheol alikuwa akiishi kwa kunyata katika nyumba yake mwenyewe.

Watafiti walitaka kujua mbwa wa Seoul wana msongo wa mawazo kiasi gani, na kipimo kilikuwa mate. Daktari Ok Se-yeon aliwaeleza kwamba mbwa hakamatwi kwa nguvu wala hachomwi sindano, maana hofu huharibu kipimo. Anapewa kipande cha pamba akitafune kwa hiari yake, basi. Akiwa amelala, asiamshwe.

Mke wa In-cheol, Mi-ran, aliyapokea maelezo hayo kama wahyi. Televisheni ikazimwa sauti, hata wakati wa besiboli. Kimchi, kabichi yao iliyochachuliwa, ikahamishiwa kibarazani kwa sababu ya harufu. In-cheol akipiga chafya, hutazamwa mpaka aombe radhi, na anayeombwa radhi ni mbwa.

Siku Mi-ran alipokwenda Daegu kwa dada yake, kazi ya mate ilimwangukia mumewe. Hodu alikuwa amelala chali, anakoroma. In-cheol akangoja asubuhi nzima. Kumwamsha ni kosa. Kupeleka pamba kavu ni kosa kubwa zaidi. Mwisho akaitia pamba kinywani mwake, akaitafuna hadi ikalowa, akaifungia kwenye kichupa na kuipeleka chuoni.

Majibu yalipotoka, daktari alipiga simu. Hajawahi kuona mbwa mwenye msongo wa namna ile. Tafadhali waje wazungumze. Mi-ran alilia, kisha akatafuta adui ndani ya nyumba, na hakutafuta mbali. Kabla hawajatoka alikwisha kumfungia mumewe begi, aende akakae kwa kaka yake mjini Suwon hadi Hodu apone.

Ofisini, Hodu alijilaza juu ya kiatu cha daktari na kusinzia. Daktari akauliza siku ile kulitokea nini nyumbani.

"Mate yale ni yangu," alisema In-cheol.

Daktari akamtazama, kwa mara ya kwanza kwa makini. "Basi mbwa hana neno. Ila wewe, mzee, unalala kweli?"

"Baba Hodu, umenivua nguo mbele za watu," alisema Mi-ran. Akamgeukia mumewe. "Kwani una nini?"

Tangu In-cheol astaafu, hakuna aliyemuuliza swali hilo. "Nataka kusikia besiboli," alisema hatimaye. "Na kupiga chafya."

Jioni walimwacha Hodu kwa jirani, wakaenda kula supu ya nguruwe sokoni. Mi-ran alizungumza habari za mbwa tangu kijiko cha kwanza hadi bakuli likawa tupu. Katikati alimuuliza mumewe, mara moja tu, kama chumvi imetosha. Haikutosha. In-cheol alisema imekolea vizuri sana, akaomba bakuli la pili.