Kumwita Shemeji Pangoni

Nilivuka kwenda kisiwani kumfuata mdogo wangu, si kutalii. Wenzangu kwenye boti walipiga picha mikoko. Mimi nilikuwa nimenuna tu. Mume wake, mlinzi wa hifadhi ya kisiwa kile, aliingia katika pango la huko kuwatoa wageni maji ya bahari yalipokuwa yanajaa. Wageni walitoka. Yeye hakuonekana tena, wala mwili wake. Tangu hapo mdogo wangu hali, halali, kutwa yuko pangoni anaita. Amebaki mifupa mitupu.

“Twende nyumbani,” nilimwambia chumbani kwake. Viatu vya mumewe bado vilikuwa chini ya kitanda, vimeng’arishwa.

“Dada, tukamwite mara ya mwisho. Akinyamaza, naondoka na wewe. Naapa.”

Nikakubali. Ningefanyaje?

Tulipita juu ya mbao katikati ya mikoko, tope linanuka, kaa wanakimbilia mashimoni. Pangoni kulikuwa na baridi na harufu ya popo. Mwongoza wageni alisimama mlangoni. “Fanyeni haraka, mama zangu, maji yanarudi.”

“Mume wangu!” mdogo wangu akaita. Pango likamrudishia sauti yake mwenyewe, nyembamba. Aliita mpaka koo likamkauka, kisha akajifuta machozi kwa mtandio.

“Basi,” akasema. “Kweli amekufa. Twende.”

Alhamdulillahi! Nilimshika mkono kwa furaha, na furaha ikanipandisha mzuka wa utani. Mimi na shemeji hatukuwahi kuongea bila kutaniana. Nikageuka, nikapaza sauti: “Haya shemeji, baki na popo wako! Mkeo namchukua!”

Nilisubiri mwangwi. Haukuja.

“Thubutu!”

Sauti ya kiume, nzito, yenye kicheko ndani yake. Ndivyo shemeji alivyonijibu miaka yote nilipomchokoza. Mwongoza wageni alipiga yowe akatoka mbio. Mimi, jamani, niliogopa.

Mdogo wangu aliuchomoa mkono wake. Uso ulimng’aa, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba. Akaketi juu ya jiwe, maji yakimfika vifundoni.

“Inuka! Utakufa humu!” Nilimvuta, nikamvuta tena.

“Umemsikia mwenyewe, dada,” alisema taratibu. “Amekukatalia.”