Salamu za Uwanjani Gungu

Elida alirejea Gungu kutoka kwenye kozi ya ukocha akiwa na imani moja kubwa: kwamba watu saba wanaoaminiana ni vigumu kufungwa. Timu yake ya netiboli, Mawimbi, ilikuwa na watu saba kamili. Kuaminiana ndiko kulikokosekana.

Jambo lenyewe lilianzia ufukweni Kibirizi, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Mvua ilishuka ghafla. Regina, mfungaji wa timu, akawakusanya dagaa wake wote na kuwafunika kwa turubai, akawaacha wa Margareta wakilowa kwenye kichanja cha jirani. Tangu siku hiyo Margareta, mchezaji wa kati, hakumsalimu. Na kwa Waha, ambao husalimiana kwa kuinama kidogo na kupiga makofi taratibu hadi mwingine ajibu, kumnyima mtu salamu si jambo la kupita hivi hivi. Kumnyima pasi kulifuata kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Mawimbi wakafungwa mechi mbili mfululizo. Uongozi wa timu ukatamka kwamba wakifungwa tena Jumamosi, na timu ya Mwanga, ukocha utakwenda kwa mlezi wa timu, Mzee Oswald. Mzee huyo hakuwahi kurusha mpira maishani mwake, lakini alipenda mno kupuliza filimbi. Kwa hakika filimbi ya Elida aliichukua mapema.

"Naizoea tu, mwanangu," alimwambia Elida, akaipuliza hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

Elida hakukata tamaa. Kozini walifundishwa zoezi la kujiangusha kinyumenyume ili mwenzako akudake. Akawapanga Regina mbele, Margareta nyuma. Regina akafumba macho, akajiachia. Margareta akasogea kando, kwa heshima zote, kama anayempisha mgeni mlangoni.

Vumbi lilipotulia, Regina alijipangusa. "Kocha, sasa nimeamini. Nimeamini kwamba ardhi ipo."

Timu ikaangua kicheko. Ili kuwanyamazisha, na kwa kuwa filimbi hakuwa nayo, Elida akapiga makofi. Papo hapo, bila kufikiri, wote wakainama kidogo na kumjibu kwa makofi.

"Mwidiwe!" wakasema kwa pamoja, kama Waha wanavyosalimiana alasiri. Hata Margareta, uso wake ukiwa umekunjamana, mikono yake ilikuwa imeshajibu.

Elida akabaki amesimama, viganja hewani, akiitazama mikono ile.

"Kuanzia leo," alisema polepole, "anayetaka mpira asiite jina la mtu. Apige makofi, aseme mwidiwe. Mwenye mpira mikono yake imejaa, hawezi kupiga makofi. Basi jibu lake litakuwa pasi."

"Na asipojibu?" aliuliza Margareta.

"Atakuwa amekataa salamu. Mbele za watu."

Watu wenyewe Elida alikuwa ameshawachagua kichwani. Kesho yake alimkaribisha Mama Bonifasi, mama mkwe wa Margareta, aje auzie ndizi zake za kukaanga kando ya uwanja. Mazoezi yakaanza. Regina akapiga makofi, "Mwidiwe!" Margareta akaukumbatia mpira na kutazama milima ya Kalinzi.

"We Margareta!" Sauti ilitokea nyuma ya karai la mafuta. "Mwenzio anakusalimu! Au kununa ndiko ulikojifunza nyumbani kwangu?"

Mpira ukamwendea Regina kama kaa la moto. Haikuwa pasi ya upendo, lakini ilifika.

Wiki nzima pasi zilifika kwa namna hiyo. Jumamosi uwanja ulifurika, na hadi dakika ya mwisho mabao yalikuwa sawa. Hapo mlinzi wa Mwanga, binti mrefu aitwaye Esther, akaudaka mpira chini ya pete. Regina, aliyekuwa nyuma yake, akafanya kile ambacho mwili wake ulikuwa umezoea. Akainama, akapiga makofi.

"Mwidiwe!"

Esther alilelewa vyema na wazazi wake. Akageuka, akainama, akauachia mpira, akapiga makofi.

"Mwidiwe."

Mpira ukadunda katikati ya adabu hizo mbili, ukabingirika hadi nje ya duara, mikononi mwa Margareta.

"Refa! Wamemroga!" alifoka kocha wa Mwanga.

"Sheria haikatazi kusalimiana!" alijibu refa. "Chezeni!"

Elida aliona haya. Alijiahidi kumwomba Esther radhi, baada ya bao. Lakini bao lilikuwa bado liko mikononi mwa Margareta, na Mama Bonifasi, kwa wakati huo, alikuwa amewageuzia mgongo akihudumia wateja. Hapakuwa na wa kumlazimisha mtu. Regina alipiga kofi moja, kisha mikono yake ikaishia njiani. Akamtazama tu mwenzake.

"Na dagaa wangu?" alisema Margareta, mpira juu ya kichwa.

"Nitaanza kufunika wako!"

"Hata ikiwa mvua ya mawe?"

"Hata ya mawe, mwanamke wewe, rusha!"

"Mwidiwe, shoga!" alipaza sauti Margareta, na mpira ukaenda juu, laini. Regina akaudaka, akaupitisha katikati ya pete. Mchezo ukaisha.

Katikati ya vigelegele, Mzee Oswald akaja, filimbi ameishika kwa mikono miwili kama yai.

"Bahati tu hiyo, mwanangu. Nadhani uongozi itabidi ukae tena, halafu mimi..."

Elida akapiga magoti kidogo. Akapiga makofi taratibu, kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mwidiwe, Mzee Oswald."

Mzee wa watu angefanya nini? Mikono ikafunguka, akaitikia, akauliza na hali ya wazazi. Filimbi ilikuwa imeanguka majanini. Regina akaiokota, akamrushia Margareta. Margareta akaidaka, akamrushia kocha.