Chaneli za Bure

Bi Mboni hakuachana na king'amuzi cha kulipia kwa ubahili. Aliachana nacho kwa hasira. Alikuwa amemfuata binti mmoja wa tamthilia ya Kituruki tangu anaolewa hadi anafilisiwa na mawifi, akamlilia kwenye vifo viwili na talaka moja, halafu asubuhi moja anawasha runinga, binti hayupo. Tamthilia imehamishiwa kifurushi cha juu.

"Wamemhamisha bila hata kuniaga," alimwambia mumewe. "Basi na mie nahama. Silipi tena."

Nasri, mumewe, alikuwa anamenya yai. "Umefanya la maana sana, Mama Luqmani," alisema, na uso wake ukang'aa. Ilimchukua mpaka alasiri kukumbuka kwamba mpira nao ulikuwa ndani ya king'amuzi kile kile.

Nyumba yao ya Makorora, Tanga, ilikuwa na watu wawili tu. Luqmani, mtoto wao wa pekee, alishaoa na kuhamia Mwanza, na Nasri alishastaafu ufundi kwenye karakana ya reli. Runinga ilipozimwa, kimya kikatanda hata wakawa wanasikiana wanavyotafuna. Mboni aligundua kwamba mumewe hunong'ona akikoroga chai. Nasri naye aligundua kwamba mkewe hujibu.

Siku chache hazikupita, Nasri akarudi kutoka sokoni amebeba antena begani, mbavu zake za alumini zimetoka kama mifupa ya nguru aliyekwisha kuliwa.

"Chaneli za nyumbani ni za bure," alisema. "Runinga yetu ya kisasa, haihitaji hata lile boksi. Inataka antena na waya, basi."

Akapanda nayo juu ya paa, na bomba la kuifungia. Mboni akakaa mbele ya runinga. Kwa kuwa sauti ya chumbani haifiki paani, jirani yao Mwatumu, ambaye hakuitwa, akajiweka mlangoni awe mpeleka habari.

"Kaja!" Mboni alipiga kelele.

"Kaja!" Mwatumu akapokea.

"Nani kaja?" Nasri aliuliza kutoka juu.

"Mtangazaji! Basi, usiguse... ah, kaondoka. Mwambie arudi!"

"Anasema rudi!"

Nasri akaanza kuteremka ngazi. Ilibidi apandishwe tena, na safari hii Mwatumu akafundishwa maneno mawili tu: "geuza" na "acha". Hatimaye antena ikatulia, imeinamia kidogo upande wa kwa Mwatumu, na picha zikaja safi kama maji ya mtungi.

Zilikuwapo stesheni za habari, za dini, na za vijana wanaoruka ruka. Lakini iliyomshika Mboni ilikuwa moja ndogo ya hapa hapa mjini, ambayo miaka yote hakujua kama ipo. Mtangazaji wake alivaa shati kubwa kuliko mwili, na nyuma yake pazia lilipepea kila mlango ulipofunguliwa. Walionyesha bei za samaki, maulidi, wavuvi wa Ushongo wakisafisha pwani, harusi za watu.

"Yule si Khadija wa Chuda?" Mboni akawa anasema. "Tazama alivyonenepa!"

"Na hilo gauni kaazima," Mwatumu akawa anamalizia.

Mturuki akasahaulika. Mtu wa tamthilia huwezi kumjua kwao wala kusema gauni lake ni la nani. Kila baada ya adhuhuri Mwatumu alikuja na mkeka wake, na wawili hao wakautazama mji wao kana kwamba ni nchi ya ng'ambo.

Jumamosi Nasri hakuwamo katika mazungumzo hayo. Siku hiyo, kwa muda wa miaka miwili sasa, alikuwa akienda Maramba kutazama shamba lao la michungwa. Aliondoka baada ya kuswali, akarudi kabla ya magharibi, mara nyingine na machungwa kwenye kikapu.

Jumamosi moja Mboni na Mwatumu walikuwa wanamenya mihogo mbele ya runinga. Mtangazaji wa shati kubwa akasema leo, kwa mara ya kwanza, watarusha taarabu mubashara, wazee wa mji wakipiga zile za zamani. Kamera ikapita kwa mzee Sele, kiongozi wao, na udi wake, ikapita kwa mpiga dumbaki, ngoma yake pajani, ikafika kwa mpiga fidla. Kidevu kimeegemea chombo, macho amefumba, na kichwani amevaa kofia ya viua ambayo Mboni aliishona kwa mkono wake mwenyewe.

Kisu kikasimama katikati ya muhogo.

"Mboni," Mwatumu alisema taratibu. "Yule si..."

"Nyamaza kwanza."

Sauti ya fidla ile aliijua. Aliisikia kwa mara ya kwanza akiwa msichana, harusini kwa binamu yake Sabra, akisimama nyuma ya wanawake wenzake kwa sababu hakuruhusiwa kusogea mbele. Kijana aliyeipiga alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa. Kijana huyo alipokuja kuposa, baba yake Mboni, Mzee Idarusi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu simpi mpiga fidla." Nasri akaahidi ataiweka chini. Akaiweka. Akaingia reli, wakaoana, na tangu siku hiyo Mboni hakuona fidla nyumbani kwake wala kuuliza ilikokwenda.

Kwanza alihisi kudanganywa. Miaka miwili ya michungwa! Kisha wimbo ukafika mahali fidla hubaki peke yake, na hasira ikakosa pa kukaa. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni utomvu wa mihogo.

"Usimwambie mtu," alimwonya Mwatumu.

Mwatumu akaapa, na kwa Mwatumu kiapo hudumu mpaka kwenye kizingiti.

Nasri alirudi jua linateremka, akavua viatu, akaketi.

"Michungwa haijambo?" Mboni aliuliza.

"Haijambo. Imebeba sana."

"Na Sele?"

Nasri alimtazama mkewe, akaitazama runinga, kisha akainua macho kwenye dari, kule ambako juu yake ilikaa antena aliyoifunga kwa mikono yake miwili.

"Lahaula," alisema.

"Ulipanda paani mwenyewe, Baba Luqmani!"

"Nilikuwa natafuta mpira." Alisugua magoti. "Kamera zimekuja leo tu. Nikasema, mke wangu ana Mturuki wake, hawezi kunitazama mimi. Nikasahau kwamba Mturuki hayupo."

Kisha akaeleza. Alipostaafu, mikono ilimwasha. Sele akamkuta barabarani, akamwambia mpiga fidla wao vidole vimeshikwa na baridi yabisi, na kwamba fidla ya Nasri, aliyomwachia alipoingia reli, bado iko kwake, hajawahi kuiuza. Alikwenda siku moja kuishika tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwahidi marehemu baba yako. Niliogopa utaona nimevunja neno lake."

"Ulimwahidi baba. Mimi hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungesemaje?"

Mboni alikunja kanga, akaikunjua. Umri wote ule, na maneno yalimtoka kwa haya kama ya mwari. "Ningesema nilikupenda kwa ile fidla. Sura niliizoea baadaye."

Nasri akajishika masikio yake makubwa.

"Na baba," Mboni akaendelea, "alichoogopa ni mume wa kurudi alfajiri, mkewe kalala peke yake. Wewe unarudi kabla ya magharibi. Shida yako ni uongo, si fidla. Uongo uache."

"Nimeuacha."

"Na shamba utalitazama siku nyingine. Michungwa ile masikini itakuwa imeota magugu mpaka shingoni."

Jumamosi iliyofuata sebule ya Mboni ilijaa wanawake wa mtaa mzima, maana kiapo cha Mwatumu kilikuwa kimeshafika msikitini na sokoni. Mwatumu ndiye aliyekuwa mwenyeji, ameshika rimoti. Mwenye nyumba hakuwepo.

Alikuwa studio, kwenye benchi la mbele kabisa, amevaa buibui jipya. Wimbo ulipofika mahali fidla hubaki peke yake, Mboni akainuka. Akatembea bila haraka, mbele ya mtangazaji na kamera na Tanga yote, akatoa kikuba, kile kishada cha maua ya asumini, kifuani mwake na kukichomeka kwenye ukosi wa mumewe.

Nasri akakosea. Upinde uliteleza, fidla ikatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa, na kule Makorora wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mzee Sele alimgeukia kwa jicho kali. Nasri alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, hawezi kujizuia.

"Haya," Sele alisema, mubashara. "Tuanze tena, na safari hii bibi harusi aketi."