Majivu Chini ya Gari

Panya wa kwanza nilimkuta amekaa juu ya betri ya gari, mikono kifuani, kama mgeni anayengoja kukaribishwa chai. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Yeye hakukimbia. Alishuka taratibu, akapita nyuma ya feni, akaenda zake kwa dharau. Hapo nikajua nyumba yangu imeingia vitani.

Gari ni la mume wangu. Mtaa mzima unamwita Dereva, kwa sababu aliwapeleka watoto wao shule kwa miaka thelathini, na hili dogo alilinunua baada ya kustaafu ili, kama alivyosema, na yeye abebe mtu anayempenda. Alinibeba mimi mwaka mmoja na nusu. Kisha kiharusi kikamwangusha bafuni, mguu wa kushoto ukagoma, na gari likaingia bandani.

Daktari hakuzunguka. Alisema mguu haujafa. Atembee kila siku miezi hii ya mwanzo, la sivyo utakakamaa, na baada ya hapo tusimlaumu mtu. Mume wangu aliitikia vizuri sana. Tulipofika nyumbani akalala, akautazama ukuta. Nikimwambia ainuke, "Kesho." Nikimletea fimbo, "Iache hapo." Nilibembeleza, nikagomba, nikanuna siku mbili nzima, nani alijali? Maneno yaliyomtoka bila kuchokozwa yalikuwa mawili tu, kila asubuhi:

"Panya wameingia?"

Ndiyo maana niliwachukia wale panya kuliko mtu mwingine yeyote anavyowachukia. Wakila nyaya za gari lile, hata swali hilo litakufa, na mtu wangu atabaki na ukuta.

Nilimwita fundi wa magari wa mtaa wa pili. Alifunua boneti akacheka.

"Mama, hawa wamehamia na mizigo."

Kile kitambaa kizito kinachobandikwa chini ya boneti walikuwa wamekinyofoa na kujitengenezea godoro pembeni ya injini. Fundi alikibandua chote. Mdomo wa kuvutia hewa akaufunika kwa waya wa matundu madogo. Akaniambia mchana boneti iwe wazi, panya hapendi kulala kwenye mwanga. Kisha akaupiga teke mfuko uliokuwa umeegemea gurudumu.

"Na huu ni wa nini?"

Ulikuwa wa chakula cha kuku wangu. Niliona haya. Kumbe nimewapa chumba, nikawaandalia na meza.

"Jioni nyunyiza unga kuzunguka gari," alisema. "Asubuhi utaona nyayo, ujue wanapopitia."

"Unga, mwanangu? Nawafukuza au nawapikia?"

Alikuna kichwa. "Basi majivu."

Nikawa msomaji wa majivu. Asubuhi nasoma, nafagia, nampelekea Dereva taarifa pamoja na chai, halafu naenda kwenye cherehani yangu sokoni. Leo wawili, wametokea kushoto. "Kuna tundu la bomba pale," anauambia ukuta. Naziba tundu kwa saruji. Leo mmoja, kapita chini ya mlango. "Si upigilie ubao! Mpaka mtu afundishwe?" Siku aliyonifokea hivyo nilikwenda kazini naimba.

Tatizo ni kwamba tulishinda. Wiki nzima majivu yalibaki vilevile nilivyoyamwaga. Nilimpa habari hiyo kwa majigambo, akasema, "Vizuri," akafumba macho. Kesho yake hakuuliza kitu. Kesho kutwa yake, kimya. Niliogopa kuliko siku ile ya bafuni.

Basi nikadanganya.

"Mzee, karudi mmoja. Tena jitu zima. Ameonja waya wa taa ya kushoto."

Aligeuka. "Ameukata?"

"Bado. Ameonja tu."

Tangu hapo panya wangu wa kutunga hakupumzika. Mara kaukwepa mtego, mara kaja na mkewe, mara wamegombana juu ya chujio la hewa na mke kaondoka. Dereva anauliza, mimi natunga, chai inapoa. Uongo ulininogea, sitaki kusema uongo mwingine juu yake.

Asubuhi moja nilichelewa, nikaondoka bila kufagia. Saa sita nikakumbuka kwamba gauni la mteja limebaki kitandani, nikarudi mbio. Mlango wa banda ulikuwa wazi.

Kwenye majivu palikuwa na nyayo za mtu. Mguu mmoja umekanyaga wote, kisigino na vidole vitano. Wa pili umechora mstari mrefu, kama gunia lililokokotwa. Pembeni yake vidoa vya duara, vya mpini wa ufagio wangu. Nyayo zilikwenda hadi mlango wa dereva. Za kurudi hazikuwapo.

Alikuwa amekaa nyuma ya usukani, jasho linamtiririka, ufagio magotini.

"Tangu lini?" niliuliza. Nilikuwa na hasira na furaha kwa pamoja, sijui ipi ilitangulia.

"Tangu ule waya wa taa. Nilikuja kuuangalia." Alinitupia jicho la pembeni. "Mzima kabisa. Humu hamna panya, mama watoto. Hamna hata kinyesi. Umenilisha uongo siku kumi na moja."

"Na wewe ukaendelea kuuliza!"

"Ulikuwa unakuja na hadithi zako, uso umechangamka. Ningekunyima?"

Nilishika kiuno. "Na kutembea je, unanifichia nini? Mficha uchi hazai."

"Kwa umri huu, nizae nini tena?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa akiitazama mikono yake.

"Ungenishika," alisema. "Kila nikiyumba ungenidaka. Siku ile bafuni uliniinua kama mtoto, mke wangu, na mimi niliuona uso wako. Nilitaka nikianguka, nianguke peke yangu, na niinuke peke yangu. Ndipo unione."

Nilimfungulia mlango, nikarudi nyuma hatua tatu. Aliteremsha mguu mzima, akauvuta mwenzake, akasimama kwa msaada wa ufagio. Kutoka pale hadi mlango wa jikoni ni hatua ishirini na mbili; nazijua, nimezipita sana na ndoo. Nane za kwanza alikwenda vizuri. Ya tisa mpini uliteleza. Alianguka kwa goti, kisha kwa kiwiko, na akaguna kwa maumivu.

Mikono yangu ilikwisha kumwendea yenyewe. Nikairudisha, nikaifumbata nyuma ya mgongo. Alinitazama kutoka pale chini, aone nitafanya nini. Nililia mbele yake bila kujificha, nikasimama palepale, nikamwacha ainuke.