Dirisha la Upande wa Barabarani

Fundi alikaza skrubu ya mwisho ya dirisha ambalo halikuwa dirisha, akafuta kioo chake kwa mkono wa shati. Kilikuwa kioo cheusi chenye fremu ya alumini, kimekazwa kwenye ukuta mtupu. Nyuma yake ni tofali, na nyuma ya tofali ni kabati la shangazi yake. Dirisha lenyewe lilikuwa hatua moja kulia, la mbao, wazi, na Shangazi yuko ndani anashona.

Aliyechora ramani alitaka madirisha yakae mstari mmoja. Ya zamani yalikaa yalivyojisikia, moja juu, jingine chini, basi akayafuta, akachora mengine. Kwenye karatasi yalipendeza sana. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ngazi za jengo lile, na bora hakupanda, maana zimeoza.

Halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba wageni wakubwa watapita, kwa hiyo kila jengo la barabara ile lifunikwe mbele kwa mabati ya kung'aa, liwe na sura mpya. Wapangaji waliposikia ukarabati walifikiri paa, mabomba, ngazi. Nani asingefikiri hivyo? Shangazi ndiye aliyewatuliza majirani waliolalamikia jukwaa la mafundi milangoni mwao. Aliwaambia mvumilivu hula mbivu. Kila asubuhi aliwapitishia mafundi chai dirishani, na fundi, mpwa wake, akinywa kama wengine. Ramani alishaiona. Alinywa chai wiki nzima, akanyamaza.

"Shangazi," alisema sasa.

"Nambie."

"Bati linalofuata linakaa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapo ulipo."

Shangazi aliacha kukanyaga cherehani. "Si watatoboa tundu?"

"Hawatoboi."

"Umejua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na chai yangu unakunywa."

Fundi alijifanya anahesabu skrubu. Shangazi aliinua sketi aliyokuwa akishona. "Shule zinafunguliwa Jumatatu. Kitambaa cha bluu, uzi wa bluu. Kwa ile taa ya ndani macho yangu hayaoni kitu, nitajishona vidole. Nikikosa kazi hii, mwaka mzima hawaniletei tena."

Fundi alijua. Sare hizo ndizo zilizomlea. Aliinama juu ya jukwaa akamwita msimamizi, waliyembandika jina la Futikamba kwa sababu hakuwahi kuonekana bila futikamba mkononi.

"Bosi, hapa kuna mtu anashona. Tupaache wazi."

"Ramani inasema bati."

"Ramani haijui kama kuna mtu."

"Na mimi sijui. Funga, afisa anakuja mchana. Ukichoka shuka, nina watu wamekaa getini tangu alfajiri."

Ndani, Shangazi alikuwa amesikia kila neno. Alisogeza cherehani nyuma kidogo.

"Angekuwa mwingine ningemmwagia maji ya vyombo," alisema. "Wewe nimekulea, nikumwagie nini? Funga, mwanangu. Vumbi linaingia kwenye sare za watu."

Akafunga. Aliliweka bati, akatoboa, akakaza. Kwanza uso wa Shangazi ukapotea, kisha mikono, kisha kile kitambaa. Alitegemea roho imuume, haikumuuma. Ilikuwa imekufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Akahamia bati jingine.

Alipoteremka jukwaani mchana, alipanda ngazi akamkuta Shangazi chumbani, amekaa gizani, sketi mapajani. Taa alikuwa amejaribu, akaizima.

"Nibebee cherehani tushuke," alisema.

Fundi alibeba kichwa cha cherehani begani, akarudi kuchukua miguu yake ya chuma, huku ngazi zikilia. Shangazi akakaa kando ya barabara, chini ya jengo, akaanza kushona kama vile amekaa pale miaka yote.

Afisa wa halmashauri alifika na simu mkononi, tayari kupiga picha ya kazi iliyokamilika.

"Mama, hapa si pa kushonea. Unaharibu sura ya jengo."

"Nilikuwa juu, sikuharibu kitu."

"Basi rudi juu."

"Juu mmenizibia dirisha."

Afisa alitazama juu, akayafuata madirisha kwa kidole, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Mbona yote yapo?"

Futikamba alitazama viatu vyake. Fundi akashika miguu ya cherehani isiyumbe. Afisa akasogea nyuma, akainua simu mpaka Shangazi akatoka kwenye picha, akapiga. Aliitazama, ikamridhisha, akaondoka.

Kivuli kilipowafikia, fundi na shangazi yake waliibeba cherehani, mmoja huku, mwingine kule, wakavuka barabara kufuata jua. Hapo ndipo Shangazi alipoliona jengo lote katika sura yake mpya kwa mara ya kwanza. Lilikuwa linang'aa. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama wakalisifia.

"Langu liko wapi?"

"Kulia kwa kile kioo. Nyuma ya bati."

"Na kile kioo?"

"Kile nimekikaza ukutani tu. Hakifunguki."

Shangazi alikitazama, akanyoosha sketi mapajani.

"Kimependeza," alisema. "Haya, nipitishie uzi, jua linakwisha."